Direkti ya watu 1,900, kura 137. Hawa watu walikwenda wapi?

Fundi_Simu
Wadau, salamu. Nina swali limenikaa kooni tangu Desemba 2023, na wiki hii limerudi kwa sababu yule mzee kanipigia tena, safari hii habari za uchaguzi wa 2028.

Mwaka ule niliendesha direkti, yaani matangazo ya mubashara ya simu, za kandida mmoja wa udiwani, komine (manispaa ndani ya jiji) ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Jina lake haliwasaidii kitu. Kampeni ya madiwani ilikuwa siku 15 tu, Desemba 4 hadi 18, na kila jioni saa moja tulikuwa hewani Facebook. Simu niliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mgongo wa kiti cha plastiki, kiti nikakipandisha juu ya meza, mzee akakaa mbele yake, nyuma pazia la mke wake lenye maua ya zambarau. Mvua ikianza, mabati yanapiga kelele hadi mzee anapayuka kama anauza samaki. Siku ya tatu tulikuwa na watu 400. Siku ya kumi tukafika 1,900 kwa mpigo. Mioyo inapanda kwenye kioo kama povu la sabuni. Watoto wake wakaanza kumwita Mheshimiwa, hata kwenye chakula.

Matokeo: kura 137.

Sijaja kumcheka. Nataka kujua: direkti inaleta wapiga kura au haileti? Na wale 1,900 walikuwa akina nani?

Mwana_Katuba
137 ni familia yake pamoja na watu anaowadai. Kura za direkti ni sifuri. Uzi ufungwe.

Mama_Bowa
Batu ba mu direkti habachaguake. Beko banatafuta mega za internet. Mi mwenyewe niliingia mu direkti ya kandida mmoja juu alisema atatuma forfe ya mega kwa batu kumi ba kwanza. Nilikuwa wa nane. Mpaka leo ninangoja.

Mwalimu_Ruashi
Mama Bowa kaeleza tabia, mimi naomba tuanze na sheria.

Siku ile, Desemba 20, mtu wa Lubumbashi alikuwa na chaguzi nne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, diwani wa komine. Kwa rais, aliyeko Likasi na aliyeko Kinshasa wote ni wako. Kwa diwani, anayekufaa ni yule tu aliyeandikishwa ndani ya komine hiyo. Lubumbashi ina komine saba. Mtazamaji wa Kampemba anaweza kulia machozi mbele ya direkti yako, kesho yake akaenda kuchagua madiwani wa Kampemba. Na ndugu zetu wa ng'ambo walioandikishwa kwa mara ya kwanza, Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Kanada, walipewa kura ya rais peke yake.

Kwa hiyo, Fundi, kabla ya kuuliza 1,900 walikwenda wapi, uliza wangapi walikuwa na karte ya mpiga kura ya Kenya.

Nairobi_Mashariki
Samahani, nimepita tu. Kenya ni komine?!

Mwana_Katuba
Ndiyo. Iko jirani na Katuba na Kamalondo. Ina soko kubwa na ina stade Kibassa Maliba. Nyinyi ndio mlichukua jina letu, hatujawadai bado.

Nairobi_Mashariki
Ngojeni. NGOJENI. Lile pazia lilikuwa la zambarau?

Mimi nilikuwa ndani ya hiyo laivu! Desemba 2023, nimekaa nyumbani, nikaona kichwa cha habari "KENYA INASTAHILI KIONGOZI MPYA". Nikaingia mbio. Mzee anaongea Kiswahili ambacho sikukisikia popote, anasema mifereji ya Kenya imejaa takataka na vijana wa Kenya hawana kazi. Nikaandika "kweli kabisa mzee wetu". Nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nao wakaitupa kwingine. Ilipita kama nusu saa ndipo mmoja akauliza mbona huyu mzee hataji bei ya unga.

Fundi_Simu
Ndugu yangu, umeniua. Kichwa nilikiandika mimi, kwa herufi kubwa, nikijisifu.

Sasa naelewa zile komenti za "makato ya nyumba asilimia 1.5"! Zilikuwa nyingi siku ile. Mzee akazisoma kwa sauti, akafikiri, akajibu kwamba akipita ataenda mwenyewe kuongea na wenye nyumba wapunguze kodi.

Nairobi_Mashariki
Tulimshangilia sana kwa jibu hilo. Yale yalikuwa makato ya mshahara ya Sheria ya Fedha ya 2023. Kwetu hakuna kiongozi aliyejibu waziwazi namna ile.

Mwana_Katuba
Mwalimu, andika kwenye ubao: wapiga kura wa Nairobi, 1,763.

Fundi_Simu
Si wote jamani. Kulikuwa na majina ya hapa ninayoyajua. Kuna mama wa avenue yetu alikuwa anaandika "tuko pamoja" kila siku. Kuna wachezaji wa mpira wa kartie, mtaani kwetu. Siwezi kukubali kwamba wote walikuwa wa Nairobi.

Liège_Nyumbani
Wengine tulikuwa wa Ulaya. Mimi niliandika "tuko pamoja" kwenye direkti za wakandida wasiopungua sita, wa komine tofauti, na sikuwa na kura ya hata mmoja wao. Huku jioni ya Desemba ni giza na baridi, unatoka kazini, unafungua simu, unasikia mvua ya Lubumbashi kwenye mabati. Unakaa. Mtu anaongea habari ya barabara yenye mashimo, wewe unaangalia kama jirani atapita nyuma na sufuria. Kama mlitaka kura mngetuomba tupige simu kwa ndugu zetu. Hakuna aliyetuomba. Walituomba pesa.

Mama_Bowa
Na mulituma?

Liège_Nyumbani
Kidogo, mama.

Msomaji_wa_Usiku
Naomba niwatoe Kenya, zote mbili. Marekani, Oktoba 20, 2020, mbunge Alexandria Ocasio-Cortez aliingia mubashara kwenye mtandao wa Twitch akacheza mchezo wa Among Us pamoja na Ilhan Omar, na watazamaji wakapita 400,000 kwa wakati mmoja. Alichofanya ni kuwapeleka kwenye tovuti ambako mtu anaangalia kama ameandikishwa na atapigia wapi. Hakuhutubia. Alicheza, akaua wenzake kwenye mchezo, katikati akawahimiza wapange watakavyopiga kura. Kwa hiyo inawezekana.

Mwalimu_Ruashi
Inawezekana kwa nani? Yule alikuwa anahimiza nchi nzima, kila mtazamaji mwenye haki ya kura alikuwa faida kwake, popote anapokaa. Mzee wetu alikuwa na komine moja. Huwezi kuvua samaki wa Luapula kwa wavu uliotandazwa baharini.

Na hata penye nchi nzima, tazama Indonesia. Anies Baswedan, mgombea urais, alianza kukaa TikTok mubashara mwishoni mwa Desemba 2023, ndani ya gari, anajibu maswali ya vijana kwa upole, wakampenda kama mwimbaji. Februari 14, 2024 akapata karibu robo ya kura. Mpinzani wake Prabowo akashinda duru ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 58.

Msomaji_wa_Usiku
Robo ya kura za Indonesia ni watu milioni 40, Mwalimu. Unasema kana kwamba ni 137.

Mwalimu_Ruashi
Kweli. Lakini utajuaje zipi zilitoka kwenye direkti na zipi angepata bila hiyo?

Kijana_Golf
Kosa lilikuwa Facebook. Vijana wako TikTok. Mzee angehamia kule angepata na zawadi, mawaridi, simba, wanageuka pesa, kampeni inajilipia.

Fundi_Simu
Kadogo, TikTok tangu 2022 ilisema akaunti za wanasiasa na vyama hazipokei zawadi wala kuchangisha. Matangazo ya siasa ya kulipia ilishayakataa tangu 2019. Ungepata simba wa kuchora na kufungiwa mlango.

Kijana_Golf
Akaunti ya mzee, ndiyo. Akaunti ya mpwa wake?

Mwana_Katuba
Huyu mtoto atakuwa waziri.

Yaya_BelAir
Nimesoma wote kimya, sasa nisikilizeni kidogo. Wifi yangu aligombea udiwani mwaka uleule, komine nyingine. Direkti zake zilikuwa na watu 60, 70, siku nzuri 90. Kura alizopata ni zaidi ya 600, na simu yake ilikuwa mbovu kuliko ya Fundi.

Alikuwa hahutubii. Anaingia, anasalimu, anasema: "Leo nataka watu wa avenue mbili tu." Anazitaja. "Kama unakaa huko, niandikie kwenye inbox numero ya parseli na mko wangapi wenye karte." Mimi nakaa pembeni na daftari la shule, lile la kurasa 96, naandika. Avenue fulani, numero 14, karte 5, mama ana mguu mbaya. Numero 22, karte 3, wanataka kujua habari ya transfoma. Saa mbili tunafunga. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajaenda sokoni, tuko mlangoni kwa numero 14. Hatuna fulana wala muziki. Tunasema: jana mama ulituandikia.

Unaona mtu anavyobadilika uso anaposikia "jana ulituandikia". Anaenda kuwaita wa chumbani.

Kwa hiyo ile direkti haikuwa mkutano. Ilikuwa ni namna ya kupata milango. Waliokuwa nje ya avenue hizo walijiondokea wenyewe, ndiyo maana tulikuwa 70.

Mwana_Katuba
Na alipita?

Yaya_BelAir
Hapana. Orodha yake haikufikisha kizingiti.

Mwana_Katuba
Ha! Kwa hiyo mwenye 137 na mwenye 600 wote wako nyumbani wanakula bukari.

Yaya_BelAir
Wewe ni wa kuchekesha lakini huo si mjadala. Swali lilikuwa direkti inaleta kura au haileti. Zangu nilizihesabu kwenye daftari: milango tuliyoipata hivyo ilikuwa na karte 412.

Mwalimu_Ruashi
Yaya, heshima zangu. Hapo nina swali moja. Hao wa inbox si ndio waliokuwa tayari wanampenda? Mtu anayekupa numero ya parseli yake usiku ameshaamua. Direkti haikumleta, ilimhesabu.

Yaya_BelAir
Labda. Lakini anayekupenda asipokumbushwa analala siku ya kura. Mwalimu, nchi nzima tulikuwa karibu milioni 44 kwenye orodha. Waliofika hawakufika nusu.

Mwalimu_Ruashi
Kama asilimia 43, ndiyo. Lakini usisahau karte yetu ndiyo kitambulisho. Wengi walijiandikisha ili wapate laini ya simu, akaunti ya benki, wasisumbuliwe barabarani. Hawakuwa na nia ya kuchagua hata siku moja.

Mama_Bowa
Na karte zenyewe! Yangu wino ilitoka yote. Uso wangu ukakuwa kama mzimu. Nikaenda kutafuta duplikata, mustari mpaka ku barabara. Mi niliuzisha bowa (uyoga) mule mu mustari, nikamaliza beseni mbili. Njo faida yangu ya uchaguzi.

Kijana_Golf
Wino ulififia kwa wengi. Labda watu wa Fundi walikuja, wakakataliwa mlangoni.

Fundi_Simu
Nimefikiria hilo. Lakini duplikata zilitolewa, na kartie yetu sikusikia wengi waliorudishwa.

Msema_Wazi
Mnazunguka mbuyu. Kura ziliibiwa. Januari 5, 2024 tume ya uchaguzi, CENI, yenyewe ilifuta kura za wakandida 82 kwa udanganyifu, wengine walikutwa na mashine za kupigia kura majumbani. Mtu ana mashine nyumbani kwake, wewe una kiti cha plastiki na mpira wa baiskeli. Nani atashinda?

Mwalimu_Ruashi
Hao 82 ni kweli, na uchaguzi wa Masimanimba na Yakoma ukafutwa wote. Lakini hiyo ni orodha ya nchi nzima. Huwezi kuitoa ikawa ushahidi wa komine ya Kenya. Fundi, mlikuwa na mashahidi kwenye vyumba vya kura?

Fundi_Simu
Wanne.

Mwalimu_Ruashi
Wanne kwa kila kituo?

Fundi_Simu
Wanne. Jumla. Na mmoja aliondoka saa nane akasema anaenda kula.

Msema_Wazi
Ndiyo hapo walipoiba, alipoenda kula.

Binti_wa_Kamalondo
Mimi naona hakuna aliyeuliza swali la kitoto. Numero yake ilikuwa ngapi?

Nauliza kwa sababu ya bibi yangu. Mnakumbuka kampeni ya Rais Tshisekedi: Desemba 20, numero 20. Ilirudiwa mpaka watoto wanairuka kamba. Upande mwingine, hapa kwetu Katanga, wimbo ulikuwa numero 3, ya Katumbi. Bibi ni wa 3. Akaingia, mashine ikamletea rais, akagusa 3. Ikamletea wabunge wa taifa, picha zimejaa kurasa na kurasa, akatafuta 3, akagusa. Jimbo, 3. Diwani, 3. Akatoka anafuta mikono kwa kitenge, anasema "nimewapa 3 kila mahali". Diwani aliyempa mpaka leo hamjui, labda naye anajiuliza kura ile ilitoka wapi.

Kwa hiyo, numero?

Fundi_Simu
Hapa naona aibu kidogo. Ilikuwa kwenye mabango. Kwenye direkti tulianza kuisema siku ya 12. Mzee alikuwa anasema "mnanijua, mimi ni mtoto wenu".

Binti_wa_Kamalondo
Mtoto wenu hana kitufe kwenye mashine.

Liège_Nyumbani
Mimi nilimsikia akisema numero mara moja. Nilidhani ni ya simu.

Mama_Bowa
Mi nitaongeza kitu. Mama banaoamuka saa kumi ya usiku kwenda ku soko habana simu ya kioo, na kama iko, iko ya mutoto. Saa moja ya magaribi beko banasonga bukari. Nani aliyekuwa anaangalia mzee? Batoto. Miaka kumi na tano, kumi na sita. Habana karte.

Kijana_Golf
Mimi nilikuwa na 16 mwaka huo na niliangalia direkti zote. Sasa nina karte inakuja. 2028 nitachagua. Kwa hiyo mzee aliwekeza.

Mwalimu_Ruashi
Hili la kijana halina mzaha. Kumleta mpiga kura hapa kwetu kunafanyika wakati wa kuandikishwa, si wakati wa kampeni. Orodha ikifungwa, direkti haiwezi kuongeza hata mtu mmoja. Uandikishaji ulianza Desemba 2022, na hapo ndipo...

Yaya_BelAir
Mwalimu, nakusahihisha kwa heshima. Desemba 24, 2022 ilikuwa upande wa magharibi, Kinshasa na jirani zake. Sisi Katanga tulianza Januari 25, 2023, na Kivu wakafuata Februari.

Mwalimu_Ruashi
Nakubali, asante yaya.

Shemeji_wa_Goma
Na kwa sisi wa Kivu ongezeni hili: Masisi na Rutshuru hawakuchagua kabisa 2023, kwa ajili ya vita. Shemeji yangu mmoja alikuwa na direkti nzuri sana ya watu wa Masisi, wamekimbilia kambi za Goma, wanaangalia kwa simu moja watu kumi. Wapiga kura alikuwa nao. Uchaguzi ndio haukuwepo.

Yaya_BelAir
Pole sana, ndugu.

Nikirudi kwa Mwalimu: wakati wa kuandikishwa kuna kijana wa Katuba alifanya kitu kizuri, na hakuwa kandida. Alisimama nje ya kituo cha kuandikishwa, anaonyesha mstari tu. "Saa hii ni watu 30, njooni." "Saa hii jenereta imezima, msije." Dakika mbili mbili, mara tano kwa siku. Watu wa kartie walikuwa wanaangalia kabla ya kuvaa viatu.

Mwana_Katuba
Huyo namjua. Alikuwa anauza maji baridi kwenye mstari huohuo.

Mama_Bowa
Njo akili.

Msomaji_wa_Usiku
Fundi, zile direkti bado zipo? Tungefungua komenti moja moja tukahesabu, ya Nairobi, ya Liège, ya hapa.

Fundi_Simu
Hazipo. Tangu Februari 2025 Facebook haihifadhi direkti zaidi ya siku 30, na za zamani ilizifuta baada ya kuwapa watu siku 90 za kuzipakua. Niliona taarifa. Mega hazikutosha. Nilipakua moja tu, ile ya siku ya tisa ambayo umeme ulikatika, dakika arobaini za giza na sauti ya mzee akiuliza "bado tuko hewani?" Watu 800 walibaki mpaka mwisho.

Nairobi_Mashariki
Ile ndiyo ilikuwa bora kuliko zote.

Binti_wa_Kamalondo
Fundi, swali la mwisho kutoka kwangu. Wewe ulimpigia?

Mwana_Katuba
Kimya cha Fundi kinasikika mpaka Kipushi.

Fundi_Simu
Karte yangu ni ya Kampemba. Wakati wa kuandikishwa nilikuwa nafanya kazi kule, nikajiandikisha karibu na kazi. Siku ya kura nilifunga simu kwenye kiti, nikapanda basi, nikaenda kuchagua madiwani wa Kampemba.

Mwalimu_Ruashi
Basi angalau mtazamaji mmoja tumejua alikokwenda.

Liège_Nyumbani
Mzee anajua?

Fundi_Simu
Hajui. Anaamini moja kati ya zile 137 ni yangu. Na sasa anapiga, jina lake liko kwenye kioo hapa. Narudi.

Mama_Bowa
Muulize ile forfe. Labda ni yeye.